Onyesho la Awali la Mchezo wa Mtandaoni: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Jumamosi moja alasiri, katika chumba cha gemu huko Umoja, Nairobi, tulikuwa watu saba tumeizunguka simu moja. Kijana mwenye simu alikuwa amefungua video ambamo watengenezaji wa mchezo wa mtandaoni ambao haujakamilika walikuwa wakiucheza wenyewe huku wakieleza walichokusudia. Kabla video haijafika katikati, hukumu zilikuwa zimeshatolewa. Mmoja alisema kwamba miguu ya wahusika inateleza kana kwamba wanatembea juu ya sabuni, kwa hiyo mchezo huo umekufa kabla ya kuzaliwa. Mwingine akasema kwamba ataununua siku hiyohiyo utakapotoka, hata ikimbidi kuuza padi zake za kuchezea. Nilimwomba mwenye simu airudishe video nyuma kidogo. "Kaka, hebu soma hapo chini," nikamwambia. Pembeni mwa kioo, kwa herufi ndogo nyeupe, palikuwa na maelezo kwamba picha zile zimetoka katika toleo linaloendelea kutengenezwa na kwamba lolote linaweza kubadilika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyasoma mara ya kwanza.

Wachezaji wa Nairobi wana macho makali, na siandiki haya ili kuwanyamazisha. Ninaandika kwa sababu hukumu nyingi tunazozitoa baada ya kutazama video kama ile zinasimama juu ya dhana ambazo hazilingani na jinsi michezo inavyotengenezwa, na matokeo yake tunapigia kelele mambo yatakayojirekebisha yenyewe na kuyanyamazia yale yatakayotuumiza.

Dhana: Kinachoonyeshwa ni sehemu ya mchezo ambao tayari upo

Mara nyingi mchezo wenyewe haupo bado. Studio inapotaka kujitokeza mbele ya watu, kwa kawaida huchukua kipande kimoja, pengine mtaa mmoja au pambano moja, na kukiivisha kabisa ilhali kilichobaki kwenye sufuria kingali kibichi. Njia atakayopita mchezaji hupangwa mapema, mahali watakapotokea maadui hujulikana, na hata mazungumzo ya wale wanaosikika wakicheza pamoja huweza kuandikwa na kufanyiwa mazoezi kama igizo. Mlango ambao hautafunguliwa katika onyesho huwa ni mchoro tu wa mlango. Kipande cha namna hiyo kina kazi yake halali ndani ya studio, kwa kuwa huwawezesha wachoraji, waandishi wa programu na watoa fedha kukubaliana kuhusu kitu wanachokijenga. Shida huanza kinapotolewa nje bila maelezo, nasi tukakipokea kama dirisha la kuchungulia nyumba iliyokwisha kujengwa.

Mfano ambao huwa ninaurudia ni wa Anthem, mchezo wa mtandaoni wa studio ya BioWare. Mwezi Juni 2017, katika maonyesho ya michezo ya video ya E3 huko Los Angeles, watu waliona wapiganaji wakiruka kutoka ukutani hadi ndani ya msitu mnene bila hata sekunde moja ya kusubiri, na wengi wakaamini kwamba mchezo ule umekaribia kukamilika. Ulitoka Februari 2019 ukiwa na vioo vya kusubiri visivyokwisha. Mnamo Aprili mwaka huohuo, mwandishi Jason Schreier alichapisha taarifa ndefu, iliyotokana na mahojiano na watu waliokuwa ndani, ikieleza kwamba sehemu kubwa ya onyesho lile iliundwa kwa ajili ya jukwaa, na kwamba hata baadhi ya watengenezaji walikuja kutambua kupitia onyesho hilo ni mchezo wa aina gani walitakiwa kuutengeneza. Hebu tulifikirie jambo hilo: onyesho lilikuwa limeutangulia mchezo wenyewe.

Dhana: Picha zikiwa mbaya, mchezo utakuwa mbaya

Mwezi Septemba 2022, video zaidi ya 90 za mchezo wa GTA VI ziliibwa na kusambazwa mtandaoni. Wengi waliziona nyumba zisizo na rangi kamili na maandishi ya kompyuta yakielea juu ya vichwa vya watu, wakakata tamaa, na kukawa na waliodai kwa uhakika mkubwa kwamba picha ndizo zinazokamilishwa kwanza. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Uwanja wa mchezo huanza na masanduku ya kijivu, kwa sababu sanduku likikaa mahali pabaya husogezwa kwa dakika moja, ilhali jengo lililokwisha kupakwa rangi, kuwekwa taa na kuvalishwa vivuli hugharimu wiki za kazi. Siku zilezile, watengenezaji wa Control, mchezo uliotoka mwaka 2019 na kusifiwa sana kwa uzuri wake, walitoa video za siku zake za mwanzo ili watu wajionee jinsi ulivyokuwa umbo tupu.

Miguu inayoteleza, iliyomkera mwenzetu pale Umoja, ni jambo la aina hiyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba hatua za mguu zilichorwa kwa kasi moja na mwili unasogezwa kwa kasi nyingine, na kulinganisha hivyo viwili ni kazi ambayo huachwa hadi kasi ya mwisho itakapokubaliwa. Kinachostahili kutazamwa mapema ni kingine: je, mhusika anaitikia mara mchezaji anapobonyeza? Je, rafiki na adui wanatofautishwa kwa mbali, hata kwenye televisheni ya zamani yenye rangi zilizofifia? Je, baada ya pambano la kwanza kuna jambo la kufanya, au video inakatwa kila mara mahali palepale? Maswali hayo hayajibiwi na taa na vivuli, na kasoro zake hazifutiki kwa urahisi katika miezi ya mwisho.

Dhana: Kila kilichobadilika au kupungua ni udanganyifu

Hapa ninawasihi wasomaji wawe wakali na waadilifu kwa wakati mmoja, kwa sababu chini ya neno "udanganyifu" tunakusanya mambo ambayo hayafanani. Team Fortress 2 ilionyeshwa mwaka 1999 ikiwa mchezo wa vita vya askari wa kawaida. Ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa imejaa wahusika wa katuni, na hakuna aliyeibiwa chochote. Watengenezaji walibadili nia, nao walikuwa na haki ya kufanya hivyo.

No Man's Sky ni habari ya aina nyingine. Kabla ya kutoka kwake Agosti 2016, mkuu wa studio, Sean Murray, alikuwa amesema katika mahojiano kwamba wachezaji wangeweza kukutana ingawa ingekuwa nadra, lakini mara tu mchezo ulipotoka wachezaji wawili walifika mahali pamoja na hawakuonana. Mamlaka ya matangazo ya Uingereza iliyachunguza malalamiko kuhusu ukurasa wa mauzo na mnamo Novemba 2016 ikaamua kwamba tangazo halikuvunja kanuni; hata hivyo wachezaji walikuwa na sababu ya kuhisi kwamba waliahidiwa wasichopewa, na kuonana kikamilifu ndani ya mchezo kulikuja Julai 2018. Mamlaka hiyohiyo ilikuwa imepokea malalamiko mwaka 2013 kuhusu trela za Aliens: Colonial Marines, na kampuni ya Sega ikakubali kwamba zilihitaji maelezo ya kuwafahamisha watazamaji kwamba picha zilitoka katika toleo la maonyesho. Maandishi madogo kama yale tuliyoyapuuza kwenye simu yana uzito, basi, na anayeyapuuza hujinyima ushahidi wake mwenyewe.

Kisha kuna The Day Before. Kwa miaka kadhaa ulitangazwa kuwa mchezo mkubwa wa mtandaoni wenye dunia iliyo wazi. Uliuzwa kuanzia tarehe 7 Desemba 2023, wanunuzi wakakuta kitu kidogo cha kuingia, kuokota vifaa na kutoroka, na siku nne baadaye studio ikatangaza kufunga milango. Seva, yaani kompyuta kuu zinazowaunganisha wachezaji, zilizimwa Januari 2024 na wanunuzi wakarudishiwa fedha. Anayeweka habari hii kwenye kapu moja na ile ya Team Fortress 2 anawaumiza watengenezaji waaminifu na kuwapa wasio waaminifu mahali pa kujificha. Mimi hutumia kipimo chepesi: picha ikibadilika ninaivumilia, lakini sentensi kamili iliyotamkwa na mwenye mchezo, kama vile "mtacheza pamoja" au "kutakuwa na seva karibu nanyi", ninaiandika pamoja na tarehe yake.

Dhana: Maoni hayafiki popote, au yakipigiwa kelele vya kutosha hufanya kazi

Zote mbili si kweli. Onyesho la Halo Infinite la Julai 2020 lilidhihakiwa kwa picha zake, na mwezi uliofuata mchezo ukaahirishwa hadi 2021; studio ilitaja sababu kadhaa, likiwemo janga la korona, lakini pia ilikiri kwamba ukosoaji wa picha ulikuwa na msingi na ikaonyesha baadaye marekebisho. Kwa upande mwingine, Diablo III ilipofunuliwa mwaka 2008, wachezaji wengi walitia sahihi ombi la kupinga rangi zake angavu, na Blizzard ikashikilia mwelekeo wake hadi mchezo ulipotoka 2012. Lalamiko hubadilisha kitu linapogusa kasoro ambayo watengenezaji wenyewe wanaiona. Linapogusa ladha, hugonga mwamba.

Dhana: Kulipa mapema ni njia ya kuusaidia mchezo ukamilike

Huenda ikawa hivyo, lakini anayelipa ananunua kilichopo leo. Steam, duka la michezo la mtandaoni, iliruhusu mauzo ya michezo isiyokamilika tangu 2013, na tangu 2015 hurudisha fedha kwa anayeomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia mchezo mmoja baada ya kushawishiwa na onyesho ambalo mtengenezaji alisema ndani yake kwamba seva ya Afrika inakuja. Nilisubiri kwa uaminifu, siku 14 zikapita, na seva ile haikuja hata mchezo ulipoachwa. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba nilikuwa nimewashawishi watu wengine watatu kulipa.

Dhana: Mchezo ukienda vizuri katika onyesho, utaenda vizuri hapa kwetu

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayotugharimu zaidi, na ndiyo tunayoizungumzia kwa nadra. Mchezo wa mtandaoni haujakamilika mpaka uwe na wageni wasiojuana, kila mmoja na laini yake mbovu kwa namna yake. Onyesho la awali huondoa sehemu hiyo hasa. Wachezaji huwa wafanyakazi wa studio, na seva inaweza kuwa katika jengo lilelile, kiasi kwamba ujumbe huenda na kurudi kwa muda usioweza kuhisiwa na kidole.

Tufanye hesabu ya kwetu. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt, ambako kuna seva nyingi za Ulaya, ni takriban kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi kusingepungua milisekunde 63. Nao haunyooki: hushuka kwanza Mombasa, ukaingia baharini na kuzunguka, na pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, tunayoiona kwenye kioo huwa kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Tumetoka mbali, nakiri. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu, na safari moja ya kwenda na kurudi ilikula karibu nusu sekunde. Lakini hakuna kiraka cha programu kitakachoifupisha bahari.

Watengenezaji hukabiliana na umbali huo kwa kuifanya kompyuta yako ikisie kinachotokea kabla seva haijathibitisha. Makisio yakikosea, unajificha nyuma ya ukuta, ukajiona salama kabisa, kisha ukafa. Kwa seva, na kwa adui aliyekupiga, ulikuwa hujafika ukutani. Kila aliyecheza usiku kwa bando la simu ameionja hasira hiyo. Jinsi mchezo unavyoamua nani mkweli kati ya wawili hao ni uamuzi unaofanywa mapema sana, na ukishajengwa ndani ya msingi ni vigumu kuung'oa. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni huu wa onyesho la awali, mchezo ungali na masanduku ya kijivu: waliokuwa wakicheza walikuwa wapi, seva ilikuwa wapi, na mnaujaribuje mchezo kwa mtu aliye na milisekunde 150 au 200?

Niliwaeleza vijana wa Umoja haya kwa ufupi, na yule aliyeudhiwa na miguu akaichukua simu. Alifuta sentensi aliyokuwa ameanza kuwaandikia watengenezaji, ambayo siwezi kuirudia hapa, akauliza mama mwenye chumba jina la kampuni ya intaneti anayoitumia, akapima pingi hadi Ulaya mara tatu, akaandika upya: "Nacheza kutoka Nairobi. Leo pingi yangu ni 164, 171 na 158. Dakika ya nne mchezaji wenu amepigwa akiwa nyuma ya gari. Je, huo ni mtandao wenu au ndivyo mlivyokusudia?"