Nadharia ya mapigo mawili: saratani ya jicho ilivyofichua siri ya urithi

Mtoto anapigwa picha kwa simu, flashi inawaka, na kwenye picha jicho moja linaonekana jekundu kama kawaida huku la pili likiwa na weupe katikati ya mboni. Weupe huo unaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya kufikisha miaka 5. Mzazi akiuona asingoje. Ampeleke mtoto kwa daktari wa macho, kwa sababu ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika.

Retinoblastoma ni ugonjwa adimu, lakini ndio uliotufundisha jinsi saratani inavyoweza kurithiwa. Madaktari walikuwa wameona zamani kwamba unakuja kwa sura mbili. Kuna watoto wanaougua macho yote mawili, tena wakiwa wachanga, na mara nyingine mzazi naye aliwahi kuugua. Wengine huugua jicho moja tu, wakiwa wamekua kidogo, na katika ukoo hakuna aliyewahi kuusikia. Ugonjwa ni uleule. Kwa nini njia ziwe mbili?

Jibu lilitoka kwa Alfred Knudson, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1922. Alikuwa daktari wa watoto aliyerudi masomoni na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1956. Akiwa Houston, katika kituo cha saratani cha MD Anderson, alichukua kumbukumbu za wagonjwa 48, akatazama kila mtoto aligunduliwa akiwa na umri gani na kama uvimbe ulikuwa jicho moja au yote mawili, kisha akapiga hesabu. Mimi hustaajabia hapo: hakuwa na jeni yoyote ya kuitazama, alikuwa na karatasi na hesabu tu.

Hesabu zilionyesha kwamba kwa watoto wa macho mawili, ugonjwa ulijitokeza kana kwamba ulihitaji tukio moja tu la bahati mbaya. Kwa wa jicho moja, yalihitajika mawili. Mwaka 1971 akachapisha hoja yake: seli inahitaji mapigo mawili ndipo igeuke saratani. Mtoto aliyerithi anazaliwa akiwa na pigo la kwanza tayari, katika kila seli ya mwili wake.

Pigo maana yake ni hitilafu inayoharibu jeni. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na baadhi yake kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Ni kama breki mbili za baiskeli: ya mbele ikikatika, ya nyuma bado inakusimamisha. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho ambamo saratani hii huanzia, inapokua, seli zake hugawanyika mara nyingi mno. Kwa mtoto aliyezaliwa na breki moja, inatosha seli chache kati ya hizo zote zipoteze ile iliyobaki, ndiyo maana vivimbe huwa kadhaa, na mapema. Kwa asiyerithi, nakala zote mbili lazima ziharibike ndani ya seli ileile moja, jambo ambalo ni nadra.

Jeni yenyewe, RB1 iliyoko kwenye kromosomu ya 13, ilipatikana mwaka 1986, na ikatenda vilevile Knudson alivyobashiri. Baadaye zikajulikana nyingine za aina hiyo, ikiwemo BRCA1 inayohusika na saratani ya matiti na ya ovari.

Kwa hiyo kinachorithiwa ni pigo la kwanza, si uvimbe wenyewe. Mzazi mwenye hitilafu ya RB1 ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipitisha kwa kila mtoto. Lakini pia inaweza kuanza upya kwenye yai au mbegu, hivyo mtoto akaugua macho yote mawili ilhali wazazi wote ni wazima. Hapo ndipo lawama huanza, ya nani amelogwa na nani ameleta mkosi, na mara nyingi humwangukia mama. Hana kosa lolote.

Penye vipimo vya jeni, wadogo wa mgonjwa hupimwa damu. Aliyerithi hukaguliwa macho mara kwa mara tangu uchanga, na kwa mtoto mdogo ukaguzi huo mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi. Asiyerithi huepushwa na yote hayo.