Chakula tele, damu pungufu: yanayosemwa kuhusu afya ya wanawake Nyanda za Juu Kusini

Mahindi ya Mbozi na Iringa, viazi vya Njombe, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, na siku hizi parachichi linalosafirishwa mpaka Ulaya. Ukiyaona malori yakishuka mlima wa Kitonga na mizigo, utaona kwa nini dhana ya kwanza haitoki vichwani mwa watu.

"Kwenye mikoa ya chakula, mwanamke asiye na afya ni mzembe tu."

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa zilifuata, karibu nusu ya watoto. Udumavu huanza tumboni, kwa hiyo takwimu hizi ni za mama pia.

Chakula kipo, lakini kinapita nyumbani kikielekea sokoni. Maharage yanauzwa yalipe ada, mayai yanauzwa yanunue sabuni, na sahani inabaki na ugali wa sembe na chainizi. Sembe yenyewe imekobolewa, pumba na kiini vimekwenda kwa nguruwe pamoja na sehemu kubwa ya virutubisho. Msimu wa kupalilia ndio mgumu zaidi: mama anaamkia shambani, anarudi na kuni kichwani, maji bado, mtoto mgongoni. Atapika kinachoiva haraka. Gunia likiuzwa, nyumba nyingi anayepanga hela iende wapi ni baba. Kwa maoni yangu, semina za lishe zinazowaita akina mama peke yao zinamfundisha mtu asiyeshika pochi. Akina mama wengi wanajua vizuri kwamba yai ni chakula.

"Amenenepa, anatunzwa huyo."

Unene na upungufu wa damu hukaa mwilini mwa mtu mmoja bila ugomvi. Utafiti wa 2015/16 ulionesha asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 45 walikuwa na upungufu wa damu. Shibe ya wanga na mafuta haileti madini ya chuma.

"Kazi tunazofanya ni mazoezi tosha."

Kwa anayelima Makete kwa jembe la mkono, ni kweli kabisa. Huyo anahitaji kupumzika, hasa akiwa mjamzito. Lakini anayekaa kwenye kizimba cha biashara soko la Mwanjelwa, Mbeya, toka asubuhi mpaka jioni, kisha akapanda bajaji kurudi nyumbani, hajafanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika.

"Chai, udongo na ulanzi havina neno."

Chai tunailima wenyewe Mufindi na Rungwe, na baridi ya Juni inaidai. Shida ni kuinywa pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kufyonza chuma cha kwenye maharage na mboga za majani. Isubirishe saa moja hivi, na kwenye maharage kamulia limao, maana vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Udongo ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito hauongezi damu. Hamu ya kuutafuna mara nyingi huendana na upungufu wa damu, na wenyewe unaweza kuuzidisha. Cha kufanya ni kwenda kupima.

Ulanzi, ule utomvu wa mianzi, wapo wanaousifia kwamba unaleta maziwa. Ni pombe, hata ule mtamu ukishaanza kuchacha, na kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama.

"Uzazi wa mpango unaharibu kizazi."

Haugumbishi. Ukitoa kipandikizi au kitanzi, au ukiacha vidonge, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema. Uvumi huu, nadhani, unakulia kwenye sindano ya miezi mitatu: baada ya kuiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, wakati mwingine karibu mwaka, na mama mkwe akianza kuuliza maswali lawama inaangukia kliniki. Anayepanga kuzaa mwakani amwambie muuguzi mapema, wachague njia nyingine.