Riwaya ya familia, na wimbo usio na kazi

Mimi nahariri riwaya, na miswada mingi inayonifikia ni ya familia: urithi, ndugu wasioongea, baba mkali. Karibu kila mswada una muziki ndani, bibi anaimba jikoni, redio inapiga nyimbo za zamani, halafu nikiutoa ule wimbo hadithi inaendelea vilevile, hakuna kilichopungua. Hapo ndo namwambia mwandishi huu wimbo hauna kazi, upe kazi au uuache.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni riwaya ya Toni Morrison, Song of Solomon, ya 1977. Inaanza Februari 1931, ajenti wa bima kapanda juu ya paa la hospitali na mabawa ya hariri ya bluu anataka kupaa, na chini kwenye umati mwanamke mmoja anaimba habari za Sugarman aliyepaa akaenda zake. Msomaji anaupita tu. Huyo mwanamke ni Pilate, shangazi wa mtoto atakayezaliwa kesho yake humo hospitalini, Milkman.

Sasa angalia kaka yake Pilate, Macon, tajiri wa nyumba za kupangisha ambaye kashavunja undugu na dada yake. Jioni moja anapita mtaa wao, anasikia Pilate na binti yake na mjukuu wake wanaimba, basi ananyata hadi karibu na dirisha anasimama gizani kuwasikiliza. Hagongi, haingii. Mwandishi mwingine hapo angetujazia kurasa mbili za mawazo ya Macon, jinsi anavyommisi dada yake, kumbe kumsimamisha nje wakati wimbo uko ndani inatosha kabisa!

Miaka mingi baadaye Milkman yuko kijijini Shalimar, Virginia, anasikia watoto wanacheza duarani wanaimba. Hana kalamu, inabidi aukariri. Majina yaliyomo ni ukoo wake mwenyewe: Jake ni babu yake, na Solomon, baba wa Jake, ni yule mtumwa anayesemekana alipaa kurudi Afrika akamwacha mke wake Ryna na watoto 21. Sugarman wa shangazi ndo Solomon huyohuyo. Milkman anafurahi sana kuwa na babu aliyepaa, lakini sikiliza vizuri, anayeimba ni yule anayeachwa, anamsihi asiondoke, na muda huohuo Hagar, mjukuu wa Pilate ambaye Milkman alimtumia akamtupa, ameshakufa. Yaani wimbo unamhukumu kabla mtu yeyote hajamnyooshea kidole, na kwangu mimi hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote ambazo wimbo unaweza kufanya kwenye riwaya.

Picha nayo ina kazi yake, kwa sababu haisogei. Kwenye To the Lighthouse ya Virginia Woolf, 1927, Lily Briscoe anamchora Bi. Ramsay na mwanae dirishani, kwenye turubai wanakuwa pembetatu ya zambarau. Miaka kumi inapita, mama kafariki, kifo chenyewe kimetajwa kwa sentensi moja ndani ya mabano, na Lily anairudia picha ileile huku dirishani hakuna mtu. Majonzi yote ya familia yanageuka kuwa swali la mchoraji: mstari uende wapi.

Kwa hiyo kwenye mswada wako niambie nani anaujua wimbo wote, nani kasahau ubeti, na nani hataki upigwe ndani ya nyumba yake.