Kabla hujawapigia watu wa intaneti, angalia ruta imekaa wapi: dhana potofu kuhusu vifaa vya ndani na Wi-Fi

Dada yangu anakaa ghorofa ya tatu hapo Kijitonyama, na kwa kama miezi miwili kila ikifika saa moja jioni Wi-Fi yake inagoma, tamthilia inaganda, kiduara kinazunguka tu, ameshapiga simu huduma kwa wateja mpaka ile sauti ya "bonyeza moja" kaikariri. Fundi alikuja, ila alikuja saa nne asubuhi, akapima akakuta inakimbia, akaaga. Siku nilipoenda mimi nikakuta ruta, kile kiboksi kinachorusha Wi-Fi, imekaa juu ya maikrowevu, tena imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Kitambaa hakina neno kwa mawimbi, kinaitesa ruta kwa joto tu. Shida ni hiyo maikrowevu iliyokaliwa.

Wengi wanasema eti maikrowevu "inavuta umeme" ndio maana Wi-Fi inadhoofika. Hapana, umeme hauhusiki hapo. Maikrowevu inapasha chakula kwa mawimbi ya kama gigahezi 2.45, na Wi-Fi ile ya kawaida inatembea kati ya gigahezi 2.4 na 2.48, yaani wote wako barabara moja. Sasa linganisha nguvu: ndani ya maikrowevu kuna wati 700, 800 mpaka 1000, ruta yako inatoa kama wati 0.1 tu. Mlango wake unazuia karibu yote, lakini hicho kidogo kinachopenya kikikutana na ruta iliyo sentimita chache juu yake, ni kama unanong'ona pembeni ya spika ya harusi.

Hapo hapo inazaliwa dhana nyingine, kwamba ukiona Wi-Fi inasumbuka basi maikrowevu imepasuka na inakuunguza. Tulia. Zote zinavuja kidogo na kuna kiwango kinachoruhusiwa, Marekani kwa mfano ni miliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Wi-Fi ina masikio makali sana, inasikia hata kile ambacho mwili wako haukihisi. Ila kama mlango umepinda au haufungi vizuri, hiyo acha kuitumia, ni habari nyingine.

Nilimwonyesha dada kwa macho. Nikafungua laptop, lile dirisha jeusi la cmd, nikaandika ping -t 192.168.1.1 (namba ya kwako iko kwenye stika chini ya ruta, zinatofautiana). Hapo unaipima safari ya kutoka kwenye laptop mpaka kwenye ruta basi, mtoa huduma hayumo kabisa. Ikawa inaleta 2, 3, 2, 4, milisekunde hizo. Nikaweka kikombe cha maji ndani ya maikrowevu (usiiwashe tupu, utaiua), nikabonyeza dakika moja. 140. 310. Request timed out, yaani jibu halikurudi. Nyingine tena. 95. Dada kakodoa macho. Ikalia ting, ikarudi 3. Haikufa moja kwa moja kwa sababu umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde na maikrowevu nyingi za kawaida zinapiga mawimbi nusu ya kila mzunguko, nusu nyingine zinatulia, kwa hiyo Wi-Fi inapenyeza data humo kwenye mapengo, inachechemea. Na saa moja jioni ndio wali wa mchana unapashwa, nyumba hii na ya jirani.

Jirani. "Mimi nimeweka paswedi, jirani hanihusu." Anakuhusu sana. Paswedi inamzuia kuingia kwako, haizuii ruta yake kuongea hewani, na vifaa vya Wi-Fi vina adabu, kimoja kinasikiliza kwanza, kikisikia mwenzake anaongea kwenye chaneli hiyo (chaneli ni kama njia ndogo ndani ya ile barabara) kinasubiri. Kwa dada nilihesabu ruta 19 zinaonekana pale sebuleni, zote zinagombea njia moja, ndio maana mistari ya Wi-Fi imejaa mitano mitano na bado video haiendi: mistari inakuambia sauti ya ruta inakufikia, haikuambii kuna kelele kiasi gani. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Watu wanajiona wajanja wanakimbilia 3 au 4 kwa kuwa "haina mtu", kumbe hapo unapokea kelele za wa 1 na wa 6 na wala hamsikilizani kupeana zamu, bora ukae kwenye 1 na wenzako mpange foleni.

"Basi hamia 5G." Ile 5G unayoiona kwenye jina la ruta sio 5G ya simu, ni gigahezi 5 tu. Ni nzuri kweli, maikrowevu haiigusi, chaneli ni nyingi, ila kuta inazichukia. Ukuta mmoja wa tofali sawa, zege lenye nondo inakata tamaa, na kioo kikubwa cha kabati, friji au tenki la maji vikikaa katikati ndio kabisa. Hivyo havitoi kelele, vinaziba, ila watu wanachanganya.

Kuna na vinavyosingiziwa bure. Rimoti ya tivii inatumia mwanga usioonekana, haina ugomvi na Wi-Fi. Redio ya FM iko huko megahezi 88 mpaka 108, mbali. Feni, pasi, king'amuzi, waache. Bluetooth iko barabara moja na Wi-Fi ni kweli, ila inaruka ruka chaneli mpaka mara 1600 kwa sekunde na tangu 2003 hivi inajifunza kukwepa palipojaa, kwa hiyo spika yako ya Bluetooth ni mara chache iwe mchawi.

Mchawi ambaye hakuna anayemdhania ni diski ya nje, ile ya kuhifadhia muvi unayochomeka kwenye laptop. Shemeji alikuwa analalamika laptop yake peke yake ndio inagoma, simu zote zinaenda, na ni kila akitaka kuhamisha muvi. Waya za USB 3.0, zile ambazo mara nyingi tundu lake ni la bluu ndani, zikifanya kazi zinamwaga kelele kwenye gigahezi 2.4 hizo hizo, Intel wenyewe walitoa maelezo yake mwaka 2012. Tukachomeka tundu la upande wa pili, diski ikasogezwa mbali na laptop kwa waya mrefu kidogo, kwisha.

Kwa dada tulipandisha ruta juu ya kabati la sebuleni, tivii ikaenda gigahezi 5, 2.4 ikabaki kwa simu za zamani kwenye chaneli 11. Saa moja ikapita salama. Lakini saa tatu usiku ikazembea tena, nikachomeka laptop kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, ikazembea vile vile, na hapo hakuna maikrowevu wala jirani wa kusingizia, laini yenyewe imejaa. Hapo sasa akapiga simu, na safari hii ana namba mkononi: kwa waya, saa tatu na robo, kasi hii badala ya hii niliyolipia. Fundi aliletwa usiku.

Kile kitambaa cha kufuma amekirudisha juu ya maikrowevu, anasema bila hicho jiko linaonekana uchi.