OB namba ni kitu gani hasa?

Kuna kijana hapa Malindi aliibiwa injini ya boti usiku, asubuhi akaenda stesheni ya polisi akamweleza afisa wa kaunta kila kitu, afisa yuwatikisa kichwa tu, sawa sawa tutafuatilia, kijana akarudi zake nyumbani ametulia. Wiki ya pili kaenda kuuliza kesi yangu imefika wapi akaambiwa lete OB namba. Hana. Ikawa ni kama hakufika kabisa.

OB, yaani Occurrence Book, ni lile buku kubwa la kaunta. Kila kinachofikishwa stesheni chatakiwa kiandikwe humo, wizi, ugomvi, kitambulisho kupotea, mtu kushikwa. Namba yenyewe haina uchawi, ni ripoti ya ngapi siku hiyo halafu tarehe, kwa hivyo 14/3/6/2024 ni ripoti ya 14 ya tarehe 3 mwezi wa 6. Bila hiyo hupati abstrakti ya kitambulisho, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha kimepotea, na ukipigwa ukataka fomu ya P3, ile daktari huandika majeraha yako, pia waanzia hapo hapo.

Lakini wengi wadhani OB ni ya aliyeibiwa peke yake. Wee! Aliyeshikwa ndiye anayeihitaji zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 49 yasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24 (zikiishia wikendi au sikukuu yangojewa siku ya korti inayofuata), sasa hizo saa zitahesabiwa vipi kama hakuna palipoandikwa umeingizwa saa ngapi? Ndio maana mtu akishikwa, jamaa zake wakifika stesheni swali la kwanza si amefanya nini, ni ameandikwa OB? Wakiambiwa bado, hapo ndipo pa kuanza kupiga simu, na malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jina la jeshi la polisi ikaleta huduma ya polisi. Jina lilibadilika siku moja, tabia zaenda polepole, na mimi stesheni naipima kwa hilo buku tu, laandikwa au haliandikwi.

Kuripoti ni bure, bondi ya polisi, ile ahadi ya kurudi ukiachiliwa, nayo ni bure, usidanganywe. Usiondoke kaunta kabla hujasomewa kilichoandikwa, namba iweke kwenye simu. Na kalamu beba yako, ya pale huwa imeisha wino.