Chama cha historia za familia si chama cha ukoo

Watu wengi wanaoomba kujiunga na chama chetu hapa Iringa hutarajia kukuta chama cha ukoo: ndugu wa damu, daftari la michango ya misiba na harusi, na mwenyekiti ambaye ni baba mkubwa wa wote. Vyama vya namna hiyo ni vingi na vinafanya kazi nzuri, lakini chetu si kimojawapo. Wanachama wetu ni Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, na pia wajukuu wa wafanyabiashara wa Kihindi na walowezi wa Kigiriki, watu wasio na undugu wowote ila hamu ya kujua kila mmoja ametoka wapi na ushahidi wake ni upi. Mimi ni mtunza nyaraka kwa taaluma, na naamini kwamba huko kutokuwa ndugu ndiko kunakokipa chama thamani yake, kwa sababu ukoo hulinda simulizi yake, ilhali mtu wa nje anaweza kuuliza, bila kumvunjia mtu heshima, imekuwaje babu anayesemekana alipigana na Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 aonekane katika kitabu cha kanisa akibatizwa mtoto mchanga miaka mingi baada ya vita hivyo.

Kazi inayotuchukulia muda mwingi ni kurekodi wazee. Tunaifanya wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na barabara za Mufindi na Makete zikipitika, na kila mzee tunampelekea wanachama wawili: mmoja anayeijua vyema lugha ya mzee huyo, na mwingine wa ukoo tofauti. Hatumwulizi alizaliwa mwaka gani, kwani mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa na karani. Tunamwuliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa tukio ambalo tarehe yake inajulikana: fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliporejeshwa Kalenga, Juni 1954; Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Isimani siku ya Krismasi 1971; au watu walipohamishwa katika Operesheni Vijiji. Mama ambaye wakubwa zake walimweleza kwamba alibebwa mgongoni kwenda Kalenga kulipokea fuvu hawezi kuwa amezaliwa 1945, hata kitambulisho kiseme hivyo.

Baada ya mazungumzo huja vitabu vya makanisa, na hapa ndipo mwanachama mpya hujifunza subira. Usajili wa serikali hautusaidii sana kwa vizazi vya zamani, kwa kuwa enzi za ukoloni Waafrika walio wengi hawakulazimika kusajili vizazi wala vifo. Makanisa ndiyo yaliyoandika. Wamoraviani walianza Rungwe mwaka 1891, Wajerumani wa Misheni ya Berlin wakaenea Ukinga na Ubena, na Tosamaganga Wakatoliki wa shirika la Wabenediktini walitangulia kabla ya wenzao Wakonsolata kushika nafasi yao baada ya Vita vya Kwanza. Mwombaji lazima ajue anabisha mlango gani: ushirika wa Kimoraviani, usharika wa Kilutheri au parokia ya Kikatoliki, kwa maana taratibu za ruhusa hutofautiana, na vitabu vya mwanzo vimeandikwa kwa Kijerumani au Kilatini, kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa taabu.

Katika vitabu vya Kikatoliki kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Kanisa hutaka ndoa ya Mkatoliki, popote ifungwapo, iandikwe pia kando ya jina lake katika kitabu cha parokia alikobatizwa. Vijana wengi wa Njombe na Iringa walichukuliwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na nyumbani wapo wanaokumbukwa kama watu waliopotea. Kijana wa aina hiyo akibainika kuwa alibatizwa, tunaanza na ule ukingo wa ukurasa, kwa sababu taarifa ya ndoa ikiwa ilitumwa, hapo hukutwa jina la mke na la parokia ya mbali, na utafutaji hupata pa kuelekea.

Kwa wanachama wetu wa Rungwe na Kyela kuna tahadhari ya pekee. Zamani wavulana wa Kinyakyusa waliondoka kwa baba zao wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga kijiji chao na marika wenzao, kwa hiyo waliokuwa majirani katika kijiji cha zamani hawakuwa lazima ndugu wa ukoo mmoja. Anayepanga mti wa ukoo kwa kufuata ujirani huko atawaunganisha watu waliounganishwa na rika tu.

Tunatembelea pia mahame. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwaacha wafu mahali ambapo walio hai hawaruhusiwi tena au hawawezi kuishi, na makaburi mengi hayana maandishi. Tunapiga picha, tunachukua viwianishi kwa simu, na tunaandika majina kama yalivyotajwa na mtu aliyeshuhudia mazishi. (Wakimbizi wa Kipoland waliokaa Kidugala wakati wa Vita vya Pili waliacha makaburi yanayotembelewa mpaka leo, na hunisikitisha kwamba ya wenyeji wa miaka hiyohiyo hayajulikani.)

Kuhusu uanachama, chama kimesajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kina katiba, na kila mtu mzima anakaribishwa kwa kiingilio na ada ya mwaka ambavyo makusudi tumevifanya vidogo. Masharti yasiyolegezwa ni matatu. Mwanachama huacha nakala ya kila alichokusanya. Habari za mtu aliye hai hazitolewi bila ridhaa yake, jambo ambalo tulilizingatia hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa kuwa zipo familia zenye bibi aliyetekwa vitani au mtoto ambaye baba yake hatajwi. La tatu huwaudhi watu: chama hakitoi barua wala shahidi katika kesi ya ardhi. Mara baraza la ardhi likianza kutumia rekodi zetu, wazee wataacha kusema wanachokijua na kuanza kusema kinachowafaa watoto wao.

Mwombaji hajazi fomu ndefu. Huja na karatasi moja yenye majina ya wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, na mbele ya kila jina huandika nani alimweleza. Akija na upande wa baba peke yake, tunamrudishia karatasi aende kwanza akawaulize wajomba zake.