Balozi Mdogo: Anavyodhaniwa na Alivyo

Barazani hapa Langoni, Lamu, mama mmoja ambaye mwanawe amezuiliwa Dubai alikuwa ameshika nakala ya pasipoti iliyokunjwa mara nne, akituambia kwamba balozi mdogo wa Kenya, yaani afisa wa serikali anayewahudumia raia wake ugenini, akifika tu gerezani, kijana atatoka siku hiyo hiyo. Nilimhurumia, nikanyamaza, na kunyamaza huko kumenisumbua tangu hapo.

Mlango wa gereza hufunguliwa na wenye nchi kwa sheria zao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, makubaliano ya mataifa kuhusu kazi za mabalozi wadogo, unampa balozi mdogo haki ya kumtembelea raia wake aliyekamatwa, kuzungumza na kuandikiana naye, na kumpangia wakili, lakini haumpi uwezo wa kufuta mashtaka. Polisi nao wanatakiwa wamweleze mahabusi bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake uarifiwe, na akiomba, ni lazima uarifiwe. Ombi hilo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko ahadi zote za barazani, hasa likitolewa kabla kijana hajatia sahihi maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Kosa la pili hutokana na jina. Kwa kuwa balozi mdogo huitwa pia konsuli, wengine hudhani ni cheo kile kile cha Roma ya kale, ambako makonsuli wawili walichaguliwa kila mwaka kutawala dola na kuongoza majeshi, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, na mwaka wenyewe ukaitwa kwa majina yao. Konsuli wa leo amerithi zaidi kazi ya wale walioteuliwa katika zama za kati kuamua kesi za wafanyabiashara wa Italia kwenye bandari za ugenini. Pwani yetu inamjua wa namna hiyo: Marekani, iliyotafuta biashara, ilikuwa na konsuli Unguja tangu mwaka 1837, Uingereza ikafuata mwaka 1841, na katika miaka ya 1880 Lamu yenyewe ilikuwa na makamu wa konsuli wa Kiingereza.

Wala ofisi yake si kipande cha nchi ya kigeni. Ardhi hubaki ya mwenyeji, ingawa askari hawaingii sehemu ya kazi bila idhini, isipokuwa pakizuka moto au janga kama hilo, ambapo idhini huhesabiwa imetolewa.

Baada ya alasiri nitarudi kwa mama yule na karatasi yenye sentensi moja ya kumsomea mwanawe kwa simu: naomba ubalozi wangu uarifiwe.